Nani Aliyelipima Tofali?

Makala haya yamekusudiwa kushindana na usemi mmoja ambao tangu mwaka 2016 umekuwa ukipita midomoni mwa watu wa Bukoba na Muleba bila ya kusimamishwa na kuulizwa utokako. Usemi wenyewe ni huu: kwamba tetemeko la ardhi liliua watu. Husemwa kanisani na msikitini, husemwa sokoni, husemwa na wakubwa katika hotuba, nami mwenyewe nimeukuta katika karatasi za wanafunzi wangu umeandikwa kana kwamba ni neno lililokwisha kukatiwa shauri. Nasema si kweli. Ardhi ilitikisika, yaliyoua ni matofali. Na tofali si kazi ya Mungu kama mlima ulivyo kazi yake. Tofali alilifinyanga mtu, akalichoma mtu, akaliuza mtu, akalinunua mtu, na katika mikono yote hiyo haukuwamo hata mkono mmoja uliolipima.

Na tuyakumbuke mambo kama yalivyokuwa. Tarehe 10 Septemba, 2016, siku ya Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri, nchi ya Kagera ilitikisika. Kitovu cha tetemeko kilikuwa upande wa Nsunga katika wilaya ya Missenyi, kiasi cha kilometa 40 chini ya miguu yetu, na nguvu yake ilipimwa kuwa 5.9. Waliokufa hawakupungua watu 17. Waliojeruhiwa walizidi 250. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine maelfu zikapasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, walimopitia wasomi wengi wa nchi hii tangu ilipokuwa ikiitwa Ziwa Magharibi, ziliharibika hata zikafungwa zipate kujengwa upya. Sasa, msomaji wangu, ishike ile namba 5.9 mkononi uitazame vizuri. Katika Japani tetemeko la kipimo hicho, litokalo katika kina hicho, aghalabu hupita watu wakiwa mezani, nao wakaendelea na chakula chao. Wala hatuwezi kudai kwamba tulishtukizwa. Buhaya imekaa kati ya ziwa na lile Bonde la Ufa la magharibi, na Machi 1966 watu zaidi ya 100 walikufa katika Toro, ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda. Waliokuwa watoto siku ile wangalipo, nao wakumbuka.

Ukuta wa matofali una tabia yake. Hubeba kwa uaminifu mzigo unaoukandamiza kutoka juu, lakini husalimu amri upesi mbele ya nguvu inayousukuma ubavuni, na tetemeko husukuma ubavuni. Katika nyumba nyingi za kwetu tofali hushikamana na tofali kwa udongo uliokorogwa na maji, na saruji hupakwa kwa nje tu, kama poda usoni. Linta hukatizwa ilipofika juu ya dirisha la mwisho, haizunguki nyumba nzima; na ile sehemu ya ukuta yenye pembe tatu, inayopanda hadi kwenye paa, husimama peke yake bila ya kufungwa na kitu. Hayo aweza kuyaeleza kila mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili. Lakini liko jambo ambalo halielezwi sana, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Ukuta ule haukuingia katika siku ya Jumamosi ukiwa mzima.

Mwambao wa Bukoba ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Kwa mwaka mmoja hunyesha kiasi cha milimeta 2,000, kwa vipindi viwili. Tofali lisiloiva hunywa maji msimu wa mvua, likavimba. Hukauka msimu wa jua, likanywea. Udongo ulio kati ya tofali na tofali huoshwa kidogo kidogo, chembe kwa chembe, mahali ambapo jicho halifiki kwa sababu ya ile poda ya saruji. Mchwa hupita humo humo wakifuata miti ya paa. Nyumba iliyojengwa miaka 30 iliyopita imekwisha kupambana na masika na vuli 60 kabla ya kupambana na tetemeko moja. Basi tunaposema kwamba ukuta uliangushwa kwa nukta chache za saa, twahesabu pigo la mwisho tu, na mapigo 60 ya kwanza twayasamehe. Mwenye elimu ya vifaa hawezi kusema hivyo. Yeye huuliza kifaa kilikuwa katika hali gani jana, na juzi, na mwaka juzi, na nani aliyekuwa akikitazama. Kwa habari ya kuta zetu jibu ni kwamba hapakuwa na mtu.

Nilipata kuzungumza na fundi mmoja mzee katika Muleba, upande wa Kamachumu. Nilimkuta akichagua matofali penye tanuri lililokwisha kupoa. Aliokota mawili, akayagonganisha karibu na sikio lake. Moja akaliweka kulia, moja akalitupa kushoto.

"Mzee wangu," nilimwuliza, "wasikia nini?"

"Mwalimu, lililoiva hulia kama kengele. Hili la pili limelia kama kiazi."

"Na hayo ya kushoto wayafanyaje?"

"Nayauza kwa bei ndogo."

"Hununuliwa na nani?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama naweza kustahimili jibu. "Na wenye haraka, mwalimu. Na wasio na fedha. Na shule."

Mimi namhesabu mzee huyo kuwa ni mpimaji wa vifaa, na katika tarafa ile sijui kama yuko mwingine. Alikuwa na kipimo, alikitumia, na kipimo chake kilisema kweli; maana tofali lililokuwa pembeni mwa tanuri, mbali na moto, haliivi sawa na lililokuwa katikati, na sauti huonyesha tofauti hiyo. Kosa haliko katika sikio lake. Kosa ni kwamba hukumu yake haikuandikwa popote, haikuwa na nguvu juu ya mnunuzi, na tofali lililohukumiwa kuwa kiazi liliingia katika ukuta wa darasa sawasawa na lililohukumiwa kuwa kengele.

Wala kipimo cha pili hakihitaji bahari ya fedha. Kausha tofali, ulipime kwa mizani. Litie ndani ya pipa la maji usiku na mchana, saa 24, kisha ulipime tena. Uzito ulioongezeka ni maji liliyokunywa. Kanuni ya India, kwa mfano, haitaki tofali la kawaida la kujengea linywe maji yazidiyo 20 kwa mia ya uzito wake. Mizani ya kupimia kahawa iko katika kila kijiji cha Bukoba na Muleba kilicho na chama cha msingi, pipa liko, maji, Mungu ashukuriwe, tunayo kuliko mkoa wowote wenye ziwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba tofali lisilopimwa haliingii katika ukuta wa watoto.

Hapa najua kwamba msomaji wa Buhaya, hasa aliyesoma historia, atanikatiza. Ataniambia: "Wewe wawezaje kutufundisha habari za vifaa na moto? Hukusikia habari za babu zetu wa Katuruka na Kemondo?" Nimezisikia. Tena nimezisikia mara nyingi kupita kiasi, na kwa namna ambayo sasa inaniudhi, kwa hiyo niruhusiwe kukaa nazo kidogo.

Habari zenyewe ni za fahari. Mmarekani Peter Schmidt, mchunguzi wa mambo ya kale, alichimba Katuruka, karibu na Maruku, na Kemondo, pwani ya ziwa kusini ya mji wa Bukoba, akakuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Akishirikiana na Donald Avery, bingwa wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown, aliandika katika gazeti la Science, Septemba 1978, kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakipata chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kabla ya kuandika, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kufua zamani wajenge tanuri na kuyeyusha tena, mwaka 1976. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, juu ya shimo lililojazwa majani ya bwawani yaliyounguzwa. Mirija minane ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na kila mmoja ulipulizwa kwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Wakasema joto lilifika kiasi cha nyuzi 1,800 za sentigredi, na kwamba hewa ilikuwa ikipata moto ndani ya mirija kabla ya kuyafikia makaa. Neno hili la mwisho limebishwa na mabingwa wengine wa madini, akiwamo Rehder na baadaye Killick, na ubishi wao ni wa haki. Ndivyo elimu inavyokwenda. Lakini wasomi wetu hawakushika ubishi. Walishika namba 1,800 wakaifanya kuwa kilemba. Tangu hapo, kila pakiwa na sherehe ya utamaduni, hotuba huanza na 1,800 na kwisha na 1,800.

Nauliza: katika habari hii yote, cha kushangaza ni kipi? Joto? Moto ukipata makaa mengi na upepo wa kutosha utapanda tu. Cha kushangaza kwangu ni mrija. Mrija ule ulikuwa wa udongo, ulikaa ndani ya makaa yenye moto mweupe kwa saa nyingi, mavi ya chuma yaliyoyeyuka yakiutafuna, na bado ulipaswa kupitisha hewa. Udongo wa kawaida ungalilainika na kutiririka kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo mtu fulani, ambaye jina lake hatulijui, alijaribu udongo huu ukashindwa, akajaribu ule ukashindwa, akafika penye kichuguu akajaribu tena. Alijaribu wapi? Ndani ya tanuri lenyewe, katika adhabu ile ile ambayo udongo ungeiishi. Hakuuliza kwamba udongo una nguvu gani ukiwa umekaa kivulini juu ya meza. Huo ndio utafiti wa vifaa katika mazingira magumu, ambao leo una vyuo vyake na magazeti yake Ulaya na Marekani, na babu yetu aliufanya bila ya kuupa jina.

Basi mjukuu wa mtu huyo, aliyelijua tofali la tanuri kwa kuliunguza, amejenga nyumba ya kulala watoto kwa tofali asilolijua kabisa, kisha ajisifu kwa 1,800. Aibu iko hapo, na kilemba hakiifichi.

Tena iko sehemu ya pili ya habari hiyo ambayo wenye kujisifu huipita mbio. Kazi ya kuyeyusha ilikufa mwanzoni mwa karne ya ishirini, majembe ya ng'ambo yalipokuja kwa bei nafuu. Wazee wa mwaka 1976 walipoombwa wafanye tena, walifanya kwa kumbukumbu za ujana wao, kwa kujaribu na kukosea na kujaribu tena. Kwa nini? Kwa sababu matokeo ya vipimo vyote vya karne nyingi yalikuwa yamehifadhiwa katika vichwa vya watu, na vichwa huzikwa. Nawaambia hili wenzangu wapenda mila, na najua halitawapendeza: kipimo kisichoandikwa ni mali ya mtu mmoja. Sikio la mzee wa Kamachumu nalo litazikwa.

Na kwa kuwa nimelitaja jina la Kemondo, siwezi kuliacha hivi hivi. Katika ghuba ile ile ambamo matanuri yalichimbuliwa ndimo ilimopita meli ya MV Bukoba kuongeza abiria katika safari yake ya mwisho. Ilipinduka tarehe 21 Mei, 1996, ikikaribia Mwanza. Idhini yake ilikuwa abiria 430. Waliokufa wakisiwa kuwa 800 na zaidi, na nasema wakisiwa kwa kuwa hata leo hesabu ya hakika haipatikani. Waliopanda daraja la chini hawakuandikwa. Meli ni kifaa kama tofali lilivyo kifaa: ina mzigo inaoweza na mzigo isioweza, ina namna ya kusimama majini ambayo hupimwa na kupimwa tena. Familia nyingi za Bukoba na Muleba zilikula matanga bila ya kuwa na maiti. Miaka 20 baadaye tulirudi kuzika, safari hii nchi kavu, na bado tulisema ni ajali.

Wako watakaoniambia kwamba nchi yetu haina maarifa wala mashine za kupimia. Neno hilo halisimami. Barabara kuu zinazopita Muleba kwenda Bukoba zilipimwa. Kabla ya lami kumwagwa, udongo ulichukuliwa kwa vipimo, ukashindiliwa, ukatiwa maji, ukapigwa. Zege la madaraja lilimiminwa katika vyombo vya mraba, likaachwa siku 28, likapondwa kwa mashine ili ijulikane limevunjika kwa uzito gani. Kila hatua iliandikwa na kutiwa sahihi. Kwa nini? Kwa sababu mkandarasi halipwi bila ya karatasi hizo. Maarifa yapo, mashine zipo, karatasi zipo. Tunazitumia kwa ajili ya lori la kahawa, lakini mtoto anayekaa chini ya ukuta kando ya barabara hiyo hiyo hatujamwona kuwa ni mzigo unaostahili kupimiwa.

Tazama pia jinsi tunavyoutendea mgomba. Mgomba ndio uhai wa Mhaya, hilo halina mjadala. Mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa katika wilaya ya Muleba mwaka 2006, hakuna aliyesema kwamba ni kazi ya Mungu na kunyamaza. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku walishuka mashambani. Watu walifundishwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma moto visu, kung'oa mgomba ulioambukizwa, na kutoa habari upesi. Kituo cha Maruku kipo katika udongo wetu, chini ya mvua yetu, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu: mgomba hauwezi kupimwa Dar es Salaam ukahukumiwa Bukoba. Nauliza, na nataka kujibiwa na wahandisi: tofali laweza? Udongo wake ni wa hapa, kuni zake za hapa, maji yanayolitafuna ya hapa, na mtikiso wake wa hapa. Lakini anayetaka kulipima kwa mashine ya kuponda na kupata karatasi inayoaminiwa, mara nyingi huelekezwa mwendo wa zaidi ya kilometa 1,300. Hakuna fundi wa Nshamba atakayepanda basi na tofali mapajani.

Hata miamba yetu imetendewa vivi hivi. Wanajiolojia wa dunia nzima wanalijua jina la Bukoba, kwa kuwa mfumo mmoja mkubwa wa miamba ya kale, wenye mawe ya mchanga, ulipewa jina la mji wetu. Mawe hayo yamejengewa misingi na kuta. Mwanafunzi wa jiolojia aweza kukuambia umri wake. Mwashi anayelivunja kwa nyundo hana mtu wa kumwambia litanywa maji kiasi gani.

Sasa nije kwenye hoja iliyo nzito kuliko zote, maana hoja hii huletwa na watu wema. Husema: "Maskini hujenga kwa alichonacho. Ukimwekea sharti la vipimo, hutampa nyumba imara, utamnyima nyumba." Naikubali nusu yake. Mjane wa Ihangiro hatanunua nondo za kuzungusha nyumba nzima kwa kuwa mimi nimeandika makala. Wala sisemi turudi katika msonge, ingawa yapasa kusema kweli kwamba msonge wa fito na nyasi hupinda ukitikiswa, na hata ukianguka haukupondi. Lakini katika Nepal, nchi isiyo na fedha, walifanya nini? Walichukua nyumba mbili ndogo za mfano, moja imejengwa kwa desturi, moja imefungwa kwa mikanda michache ya kuizunguka, wakaziweka juu ya meza ya kutikisika mbele ya wanakijiji, wakaitikisa. Watu waliona kwa macho yao ipi imeanguka. Walifundisha waashi, wakaimarisha baadhi ya shule katika bonde la Kathmandu. Tetemeko kubwa lilipokuja, tarehe 25 Aprili, 2015, lenye nguvu kupita letu mara nyingi sana, nalo kwa bahati siku ya Jumamosi, shule zile zilizoimarishwa zilisimama, ilhali maelfu ya madarasa mengine yalianguka. Meza ile si chombo cha miujiza. Chuo chetu kimoja chaweza kuitengeneza, kikaitia katika lori, na kuizungusha Kyaka, Bukoba, Kemondo, Muleba, siku za gulio. Maskini hana fedha ya kupotea; kwa hiyo yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua ni shilingi ipi inaokoa maisha na ipi inakwenda katika poda ya ukutani.

Nisemapo "chuo chetu" sikusudii kurusha jiwe nikaficha mkono. Nami ni mtu wa chuo. Uhandisi umefundishwa katika Dar es Salaam tangu mwaka 1973. Wamehitimu wengi, na baadhi yao wameandika tasnifu nzuri juu ya udongo, matofali na zege la Tanzania. Ziko wapi? Ziko katika makabati, tena zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Kamachumu asoma Kiswahili vizuri. Husoma gazeti, husoma Biblia, husoma bei ya kahawa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye picha ya tofali, pipa na mizani, angeusoma na kuubandika ukutani. Hatukumwandikia ukurasa huo. Tulikuwa tukimwandikia msahihishaji wa mitihani. Nasikia wengine wakisema kwamba lugha yetu haina maneno ya kazi hiyo. Zege, kokoto, nondo, linta, pima maji, ufa, kushindilia, kuponda, kunywa maji: waashi wana maneno yote wanayoyahitaji. Upungufu uko kwetu, tusioyajua.

Na lipo kosa jingine letu la kitaaluma. Twapenda kipimo cha siku moja. Kifaa hupimwa kikiwa kipya, cheti hutolewa, mlango hufungwa. Lakini ukuta hauishi katika siku ya cheti. Yule fundi wa tanuri hakuuangalia mrija kabla ya moto tu. Aliutazama wakati wa moto, na baada ya moto aliuvunja kuona ulivyoliwa. Kutazama huku, kwa mwendo, kwa tarehe, ndiko kulikokosekana kabisa katika majengo ya Kagera. Kuta zilizoanguka mwaka 2016 zilihesabiwa na kupigwa picha. Mimi zinanikosesha usingizi zile zisizoanguka, hasa za Muleba ambako madhara yalikuwa machache kuliko Bukoba na Missenyi, na kwa hiyo macho yalikuwa machache zaidi. Ufa ulizibwa kwa saruji, ukapakwa chokaa, darasa likaendelea.

Ufa waweza kutazamwa kwa kipande cha kioo. Hii ni mbinu ya zamani ya wahandisi, wala haina siri: kata kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa saruji kivuke ufa, ncha moja huku na ncha moja kule, uandike tarehe. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo hupasuka, na hapo wajua kwamba ufa ni jeraha bichi, si kovu.

Katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, mwalimu mkuu aliniruhusu kugandisha vipande vitatu juu ya ufa mmoja uliokuwa umepakwa chokaa mara mbili. Wanafunzi wa darasa la sita walisoma tarehe kwa sauti nilipokuwa nikiiandika. Niliporudi baada ya masika, vipande viwili vilikuwa vizima, na cha juu kabisa, karibu na mahali pa linta, kilikuwa kimekatika sawasawa katikati. Nilimwuliza mwalimu kama kiligongwa na mpira. "Hapana," alisema, "tulikisikia kikilia wakati wa somo la hesabu, na mvua ilikuwa kubwa." Aliandika barua, akaniambia, lakini hakujua aipeleke ofisi gani, maana hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kupokea habari za nyufa. Barua ingali katika daftari lake la mahudhurio. Madawati amekwisha kuyaondoa upande ule, na wanafunzi wa darasa la sita sasa hukaa wamesongamana upande wa mlango.